Paja la Kushoto

Mguu wa yule kijana ulipovunjika kwenye televisheni, sebule nzima ya Prejean ilinyamaza. Kisha Tyrell akanyoosha mkono, akaongeza sauti.

Walikuwa wamejaa kama Jumapili zote, wengine kwenye makochi, wengine juu ya mikono ya makochi, watoto chini kwenye zulia, sahani za kuku wa kukaanga zikipita juu ya vichwa vyao. Hapo mjini Opelousas nyumba ya Renard Prejean haikuwa na desturi ya hodi. Ukiona magari nje, ulijua chungu kiko jikoni. Kwenye kioo, senta wa Manyigu, timu yao ya futiboli ya Kimarekani, alikuwa amelala chali, ameng'ang'ania majani ya uwanja kwa mikono miwili, na mguu wake chini ya goti umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Wakarudia picha ile polepole. Watu wazima waliwaziba watoto macho, wao wenyewe wakaendelea kutazama.

"Masikini," alisema mtu.

"Masikini kweli," akajibu Tyrell, kaka yake Odalie mke wa Renard, halafu kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Hivi senta wao wa akiba ni nani sasa?"

Hakujibiwa, maana kila mtu alijua. Wa akiba alikuwa kitoto cha mwaka wa kwanza, shingo bado laini. Macho yote, bila ya mtu kupanga, yakaanza kujivuta kuelekea kwenye kiti kikubwa cha ngozi alichokalia Renard. Miaka kumi na mmoja alikuwa senta wa Manyigu hao hao, mtu wa katikati ya ukuta, yule anayeinama na kuushika mpira chini kabla ya vurugu kuanza. Mwezi wa tatu walimshukuru, wakamwacha. Tangu siku hiyo simu yake ililia kwa shida za watu tu.

"Asicheke mtu," alisema Mama Eula, mama yake Renard, kutoka kwenye kona yake. "Kufa kufaana, sawa. Lakini anayefaidi mguu wa mwenzake naye ana miguu."

"Mama, nani anacheka?" Tyrell aliuliza, na meno yake yote yalikuwa nje.

Odalie alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa kushoto wa mumewe, mahali pake pa siku zote. Alishusha mkono, akamgonga paja mara mbili kwa nyuma ya vidole.

Hiyo ilikuwa lugha yao, nao waliiiba uwanjani. Kwenye viwanja vya ugenini mashabiki hupiga kelele hadi senta asisikie hata jina lake. Kwa hiyo gadi, jirani yake wa kushoto, humgonga paja. Senta akihisi, ananyanyua kichwa, anautupa mpira nyuma katikati ya miguu yake, na vita vinaanza. Odalie alipoolewa aliichukua alama ile akaileta kwenye karamu na vikao vya kanisa. Gonga mara mbili chini ya meza maana yake moja tu: mume wangu, twende nyumbani. Renard alikuwa akigongwa tu, huyo amesimama, anatafuta kofia yake.

Safari hii walikuwa nyumbani tayari. Alitaka watoke wawili tu, barazani, wasemezane kabla watu hawajaanza kumsemea. Renard hakugeuka. Akagonga tena. Renard alikuwa anatafuna, macho kwenye kioo.

Odalie akarudisha mkono mapajani mwake, na uso ukamwaka. Si mara ya kwanza. Mwezi wa saba, kwenye harusi ya binamu yake Claudette, alimgonga hadi vidole vikamuuma na mtu hakutikisika, na mke wa shemasi akaona. Kufikia Jumatano mtaa mzima ulijua kwamba Odalie Prejean hasikilizwi na mumewe tena.

Simu ikalia. Tyrell aliruka kama aliyekanyaga kaa, goti lake likapiga meza, na kikombe cha Mama Eula, kahawa yake ile inayochemshwa hadi iwe lami, kikapinduka chote juu ya paja la kushoto la Renard.

Watu wakapiga ukelele kwa pamoja. Renard hakupiga. Alikuwa ameshapokea. "Ndiyo, nimeona," alikuwa akimwambia wakala wake, taratibu, na kahawa inatoka mvuke kwenye suruali yake. "Kesho? Nani anakuja, Hollis mwenyewe?" Hapo ndipo alipoona nyuso za watu. Akafuata macho yao hadi chini. Akaitazama suruali. Ndipo akasema, "Aah."

"Mwanaume huyo!" Tyrell aliwaambia watu. "Mmeona? Maji ya moto hayo, anazungumza biashara. Halafu wanasema amezeeka."

Watu walicheka, wakapiga makofi, mtu akaleta barafu. Odalie peke yake hakucheka. Mumewe alisema "Aah" baada ya kuona, si baada ya kuungua.

* * *

Chumbani alimvua suruali kama mtoto. Ngozi ilikuwa imeanza kutunga malengelenge, makubwa kama ganda la njugu. Akapaka dawa, na alipofika penye kidonda chenyewe akabonyeza kwa kidole gumba, makusudi. Renard alikuwa anamweleza kwamba Kocha Hollis Bracken angekuja kula nao kesho jioni, kwamba uongozi wa klabu umegawanyika, nusu wanamtaka na nusu wanataka kijana, kwamba neno la Hollis ndilo litakaloamua Jumanne.

"Nakubonyeza," alisema Odalie.

"Najua."

"Hujui. Tangu lini?"

Renard akatazama ukuta. Huko sebuleni walikuwa wanaimba wimbo wa timu.

"Tangu ile mechi ya baridi, Desemba," alisema. "Niligongana kichwa kwa kichwa na yule jitu. Mikono ikawaka moto kidogo, ikapoa. Mguu nao ukalala. Nilidhani utaamka."

"Ni shingo hiyo, Renard."

"Shingo iko juu. Huu ni mguu."

"Usinifanye mjinga. Kwa hiyo siku ya harusi ya Claudette hukunihisi."

"Ulinigonga?"

"Nilikugonga mpaka mke wa shemasi akanionea huruma."

Renard akacheka kwa dhati, mabega yote, na Odalie naye, Mungu amsamehe, akacheka, maana miezi yote hiyo alikuwa akilia bafuni kwa mume aliyemchoka, kumbe mume hakumchoka. Raha ile ilikaa kidogo tu. Halafu baridi ikaingia mahali pake.

"Ukigongwa tena pale pale?"

"Naweza kugongwa na lori hapo barabarani."

"Lori halikulipi ulifuate."

"Odalie." Alimshika mkono wenye dawa. "Juzi niko dukani, nanunua msumari. Mtu ananiangalia, ananiangalia, halafu ananiuliza, samahani, wewe si ulikuwa Prejean? Ulikuwa. Nimesimama na msumari mkononi, nikamwambia ndiyo, nilikuwa. Hawa wote walioko sebuleni wanakuja kwa nani? Msimu mmoja. Huu uliobaki tu. Nitoke mwenyewe kwa mlango, nisitolewe kama kochi bovu."

"Niahidi utamwambia daktari wa klabu."

"Daktari akiniuliza, nitamjibu."

Lilikuwa jibu zuri, na Odalie alilipokea. Baadaye ndipo alipolikumbuka vizuri.

* * *

Jumatatu, kama kwenye nyumba zote za huko, ni siku ya maharage mekundu. Odalie aliyaweka motoni mapema na kipande cha nyama ya moshi, na jikoni wakakusanyika yeye, Mama Eula, Claudette na Tyrell, ambaye alikuwa na kazi mahali fulani lakini siku hiyo haikumkumbuka. Redio ilikuwa juu ya friji. Kipindi cha mpira kilikuwa na swali moja tu: Manyigu wamrudishe Prejean, au wasimrudishe?

"Wamrudishe," alisema msikilizaji wa kwanza. "Yule anajua ukuta wote. Kitoto hicho kitatuulia kota wetu anayesimama nyuma yake kupokea mpira."

"Wamrudishe wapi?" akasema wa pili. "Mnatafuta senta au mnatafuta sanamu ya bustanini?"

"Huyo mamake hakumlea," alisema Mama Eula, akachambua kitunguu.

Wa tatu alikuwa na sauti nzito ya kujidai, na alijitambulisha kama mpenzi wa mpira wa siku nyingi asiyependa kutajwa jina. "Mimi ni rafiki wa ile familia, nisieleweke vibaya. Lakini tuseme kweli. Mechi ya mwisho, kule ugenini, gadi alimgonga, kimya. Akamgonga tena, kimya. Mara ya tatu ndipo akarusha. Nilihesabu. Yule bwana alikuwa amelala. Mzee akianza kusinzia kazini, mnampa saa ya ukutani, mnamwombea, anakwenda kuvua samaki."

Jikoni wakatazamana.

"Huyo ni Shemasi Alphonse," alisema Claudette.

"Si yeye," alisema Tyrell.

"Ndiye. Msikilize anavyokohoa."

Redioni shemasi akakohoa. Mama Eula akaweka kisu chini, polepole sana. "Jana," alisema, "jana hii hii, mtu huyo amekula pai yangu ya viazi vitamu, vipande viwili, na cha tatu akamfungia mkewe."

"Anasema alilala," Tyrell alisema. "Mpuuzi. Gadi ndiye hajui kugonga. Siku hizi wanagonga kama wanabembeleza paka. Au vipi, dada?"

Odalie alikuwa ameukazania mwiko. Mji mzima uliona kile alichokiona yeye, ukakipa jina la usingizi, ukapita.

"Koroga, mwanangu, yanashika chini," alisema Mama Eula. Na aliposogea karibu kuchukua chumvi, akaongeza kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Jana mwanangu aliungua, hakusikia. Mimi ndiye niliyemzaa. Nani mwingine anajua?"

"Sisi tu, Mama."

"Basi mgeni ale kwanza," alisema bibi yule, akarudi kwenye kitunguu chake.

* * *

Kocha Hollis Bracken alifika jua likiwa bado lipo, mzungu mzee, mpana, magoti yameharibika, anatembea kama kabati linalohamishwa. Ndiye aliyemfundisha Renard kuinama tangu siku ya kwanza ya mkataba. Alimkumbatia Mama Eula, akawasalimu watoto kwa namba za jezi walizovaa, akaisifu harufu ya chungu kabla hajaambiwa kuna nini. Watu wakampenda upya.

Mezani Odalie alikwenda kukaa mahali pake, upande wa kushoto wa mumewe, akakuta kocha ameshavuta kile kiti.

"Niwie radhi, Bi Odalie. Sikio la kulia ndilo bado linanitii. Nikikaa hapa namsikia bwana mkubwa huyu vizuri."

Ikabidi azunguke akae ng'ambo, mkabala na wote wawili. Maombi yakasomwa, wali ukapakuliwa, maharage juu yake, soseji pembeni. Kocha alisimulia habari za zamani: Renard alivyotapika siku yake ya kwanza mazoezini, alivyompiga mtu wa Texas hadi viatu vikabaki peke yake uwanjani. Tyrell alicheka hata mahali pasipochekesha. Renard alikuwa ananawiri. Odalie hakumwona hivyo tangu baridi, shingo imenyooka, sauti imerudi kifuani, na alijikuta anamwombea kitu ambacho jana aliapa hatakiombea.

Ndipo akaona bega la kulia la kocha likishuka kidogo.

Kidogo tu. Mdomo wake ulikuwa unaendelea kusimulia habari ya viatu. Lakini mkono haukuwa mezani. Odalie alijua mkono ule uko wapi kama ajuavyo mkono wake mwenyewe. Kocha aligonga. Renard alichota maharage. Bega likatikisika tena, kwa nguvu zaidi, kwa nguvu ya kumshtua punda. Renard alijilamba mdomo, akasema, "Halafu yule mtu wa Texas akaniambia nini? Waambie, kocha."

Odalie angeweza kuangusha kijiko. Angeweza kumkanyaga mumewe mguu wa kulia chini ya meza, ule ulio hai, naye angenyanyua kichwa, mambo yakaisha. Kulikuwa na nafasi. Bega lilishuka mara ya tatu kama linalompa nafasi. Akakaza vidole kwenye uma wake, akaacha. Mwenyezi Mungu, alisema moyoni, umesema wewe, si mimi.

Kocha akamaliza habari yake. Mkono wake ukarudi mezani, ukachukua kitambaa, ukapangusa mdomo. Kisha akanyanyua macho moja kwa moja kwa Odalie, akayaacha hapo.

"Bi Odalie," alisema, "niongezee maharage kidogo."

* * *

Alimsindikiza hadi kwenye gari, akibeba sahani aliyoifunika kwa karatasi ya foili. Barazani wenzake walikuwa wameshaanza kugawana kazi za kusherehekea.

"Kocha, umeona," alisema.

"Nimeona nini? Nimeona familia nzuri."

"Mume wangu ana—"

"Mama." Aliinua kiganja, hakuwa mkali. "Nisikilize. Kuna maneno nikiyasikia, lazima niyafikishe juu. Ambayo sijayasikia sina pa kuyapeleka. Mwanamume amefanya kazi miaka kumi na mmoja. Humvui mtu nguo mbele za watu. Unanielewa?"

Odalie alimwelewa alivyotaka kumwelewa. Mzee huyu, alifikiri, atarudi jijini aseme tu kwamba Prejean amenenepa, au kwamba kijana apewe nafasi, na siri itakufa kwa heshima. Renard atakasirika wiki mbili, atakwenda kuvua samaki, na watazeeka. Akampa sahani ile.

"Asante, kocha," alisema, na alimshukuru kweli.

Usiku huo alilala fofofo. Mama Eula ndiye aliyesikika akitembea.

* * *

Jumanne Renard aliitwa jijini asubuhi. Odalie alifua mapazia, kazi ya mtu anayengojea msiba mdogo. Alitayarisha maneno ya kumpoza. Hata kambale alikaanga, samaki anaowapenda Renard.

Kwanza zilikuja honi. Halafu gari la Tyrell, bendera ya Manyigu nje ya dirisha, halafu Renard mwenyewe, na kichwani kofia mpya, nembo ya nyigu mbele. Nyuma yao foleni ya magari. Saa ile nyumba ilijaa kuliko Jumapili. Shemasi Alphonse aliingia na keki ya dukani, akamkumbatia Renard kwa muda mrefu. "Niliwaambia," alisema. "Muulizeni mtu yeyote niliwaambia nini."

"Tulikusikia, shemasi," alisema Mama Eula. "Kaa ule pai."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Shemasi akacheka pia, masikio mekundu, akala pai.

Odalie alisimama mlangoni mwa jikoni na koleo la samaki mkononi. "Daktari alisema nini?" aliuliza.

Hakuuliza kwa sauti kubwa, lakini Renard alisikia, na alimjibu mbele ya watu wote, kwa furaha, kama mtoto aliyepata alama nzuri. "Daktari safi kabisa. Kanipima magoti, kanipima presha, kaniambia nipunguze chumvi. Akataka kuendelea na shingo na mgongo, Hollis akamwambia hapana, huko ameshakagua mwenyewe jana, nyumbani kwangu, mezani. Wakacheka wote. Nikasaini kwamba siidai klabu kwa mambo ya zamani, basi, jezi."

"Hakukuuliza kitu?"

"Hakuniuliza." Akamtazama kidogo, akaondoa macho. "Sikilizeni kichekesho sasa. Jumapili tunakwenda ugenini, kule kwenye kelele kuliko kote. Hollis kaniita pembeni, kaniambia safari hii tunabadilisha mtindo. Gadi wa kulia ndiye atakayenigonga. Kulia! Tangu utoto sijawahi kugongwa kulia."

"Mbinu hiyo," alisema Tyrell. "Kuwachanganya."

"Mbinu," alisema Shemasi Alphonse, akatikisa kichwa kwa ujuzi. "Yule mzee ana akili."

Mafuta yalikuwa yanaungua jikoni. Mama Eula alimtazama mkwewe kutoka kwenye kona yake, na kwa mara ya kwanza Odalie aliona jinsi alivyozeeka.

Kocha alikuwa ameona kila kitu. Hakuwa anamsitiri Renard. Alikuwa anatafuta upande unaofanya kazi.

Walikaa mezani. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, kinamngojea yeye. Odalie alikipita. Alizunguka nyuma ya mumewe, akamwambia Claudette anyanyuke, akakaa upande wa kulia, mahali ambapo hakuwahi kukaa katika ndoa yake. Watu walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, Tyrell anagawa tiketi zisizokuwepo, mtu anaomba mchuzi wa pilipili.

Akashusha mkono chini ya kitambaa cha meza, akamgonga mara mbili.

Paja likashtuka. Alilihisi, msuli mzima umeruka chini ya vidole vyake kama samaki. Renard hakugeuka. "Shemasi," alisema, sauti juu, "hiyo ya pili leo, nakuhesabia," na meza yote ikaangua kicheko.

Odalie akanyanyua vidole agonge tena. Mkono mkubwa wa Renard ukashuka chini ya meza, ukaufunika wake, ukaubana juu ya paja lile usiweze kusogea. Hakumtazama. Aliendelea kucheka na watu, akaendelea kuubana, muda mrefu, hadi vidole vya Odalie vikaingia ganzi.